Tone la Damu Kidoleni: Kipimo cha Lakteti kwa Mtoto Mgonjwa

Kama uko jikoni endelea kupika, ila sogeza redio karibu. Lakini kabla sijaanza, mtazame mtoto wako. Kama ni mgonjwa na hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila anachopewa, au amepatwa na degedege, au amelegea na haamki vizuri, au anapumua kwa shida, zima redio umpeleke hospitalini sasa hivi. Haya ya leo utasimuliwa na jirani.

Leo tunazungumza juu ya kimashine kidogo kinachoenea kiganjani. Kwa macho kinafanana sana na kile cha kupimia sukari, ambacho wengi wenu mmekiona kliniki au kwa mzee mwenye kisukari hapo nyumbani. Hiki hupima kitu kingine, kiitwacho lakteti. Baadhi ya hospitali zetu kubwa zinacho, zahanati nyingi hazina. Nimeamua kukizungumzia kwa sababu kila kinapotolewa wodini, maswali ni yale yale. Sista, mbona mnamdunga mtoto tena? Damu yote hiyo mnapeleka wapi? Kwani malaria si imeshaonekana? Haya ni maswali ya haki, na mama aliyejibiwa vizuri hamnyimi mtoto kipimo.

Tuanze na kitu unachokijua, maziwa. Ukiyaacha maziwa kwenye kibuyu au sufuria, baada ya siku moja au mbili yamechacha. Vijidudu vidogo sana vimekula sukari iliyomo ndani ya maziwa na kuacha asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoleta ule ukali wa maziwa lala, na wa mursik kule Bonde la Ufa. Mwaka 1780 mwanakemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliipata asidi hiyo katika maziwa yaliyochacha. Jina lake la kitaalamu ni asidi ya laktiki, na limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya maziwa. Lakteti ni namna asidi hiyo inavyokaa ikiwa ndani ya damu.

Sasa, mwili wa mtoto wako hutengeneza kitu hicho hicho hata kama hajawahi kuonja maziwa lala maishani mwake. Fikiria jiko lako la makaa. Ukifungua kimlango cha chini, hewa inaingia, makaa yanawaka vizuri na chakula kinaiva. Ukikifunga, moto haufi mara moja, bali unaanza kufuka moshi. Mwili nao huchoma sukari ili upate nguvu. Ukipata oksijeni ya kutosha, sukari huungua yote. Oksijeni ikipungua, sukari huungua nusu tu, na kinachobaki ni lakteti. Kwa hiyo lakteti ni kama moshi wa jiko lililokosa hewa.

Usije ukadhani ni sumu. Kila mtu ana lakteti kidogo katika damu yake, wewe na mimi pia. Mtu mzima akiwa ametulia, kwa kawaida huwa chini ya 2, kwa kipimo kiitwacho milimoli kwa lita. Akikimbia kwa nguvu inapanda, na akipumzika ini na moyo huitumia na inashuka. Ndiyo maana makocha wa riadha huwatoboa wanariadha sikio au kidole katikati ya mazoezi. Hao wanataka kujua mwili umefika wapi. Lakini mtoto aliyelala kitandani hajakimbia mbio zozote. Lakteti yake ikiwa juu kama ya mkimbiaji, kuna mahali katika mwili wake ambapo damu au hewa haifiki, au ini limeshindwa kuiondoa.

Jambo hili lina historia inayotugusa sisi wanawake. Mwaka 1843, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, daktari aitwaye Johann Joseph Scherer alichunguza damu ya wanawake waliokufa baada ya kujifungua, wakati homa ya uzazi ilipokuwa ikiwamaliza akina mama wodini. Akaikuta asidi ya laktiki ndani ya damu yao. Hiyo ndiyo mara ya kwanza inayojulikana kwa asidi hiyo kuonyeshwa katika damu ya binadamu. Scherer alipima baada ya kifo, kwa kazi ya maabara. Sisi leo tunapima wakati mgonjwa bado yuko hai, na jibu linatoka kabla mama hajamaliza kumbembeleza mtoto.

Linatokaje haraka hivyo? Vifaa vya namna hii huitwa bayosensa. Neno ni geni lakini maana yake ni nyepesi. Ni kifaa kinachotumia kitu kilichotoka kwa kiumbe hai ili kuhisi kitu kingine. Kwenye ncha ya ile stripu ndogo kumepakwa kimeng'enya, ambacho mara nyingi hutolewa kwa bakteria. Kimeng'enya hicho kazi yake ni kukamata lakteti na kuigeuza. Sukari ikipita hapo, hakina habari nayo. Lakteti ikipita inakamatwa, na katika kugeuzwa kwake unatokea umeme mdogo mno, ambao mashine inauhesabu. Lakteti ikiwa nyingi, umeme nao unakuwa mwingi, na namba inapanda. Umeme huo haumfikii mtoto, kwa sababu kidole chake hakiko kwenye mashine. Tone lenyewe ni dogo kuliko punje ya mtama, na jibu hutoka kati ya sekunde 10 na 60 kutegemea aina ya mashine. Wazo hili la kuweka kimeng'enya juu ya kifaa cha umeme lilielezwa na Mmarekani Leland Clark mwaka 1962, na lilianza na sukari. Kile kipima sukari cha mzee na hiki cha lakteti ni ndugu wa baba mmoja.

Turudi kwa lile swali la malaria. Mama anasema, malaria imeshaonekana kwenye kipimo, dawa imeshaanza, ya nini kudunga tena? Mama yangu, kipimo cha malaria kinakuambia vijidudu vipo. Hakikuambii vimefanya uharibifu kiasi gani. Watoto wawili wanaweza kuwa na malaria siku moja, mmoja akapewa vidonge akarudi nyumbani kucheza, mwingine akawa hatarini usiku huo huo. Katika malaria kali, chembe za damu zilizoingiwa na vijidudu hunata kwenye kuta za mishipa midogo na kuziba njia. Damu nyingine inapasuka, hivyo wa kubeba oksijeni wanapungua. Vijidudu navyo vinakula sukari ya mtoto na kuacha lakteti yao wenyewe. Yote hayo yanakutana katika ile namba. Shirika la Afya Duniani linahesabu lakteti ya 5 au zaidi kwa mtoto mwenye malaria kuwa dalili ya malaria kali. Huyo si wa kupewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Anatakiwa kulazwa, achomwe sindano ya artesuneti na aangaliwe usiku kucha.

Na kudungwa mara ya pili? Hapa ndipo akina nyanya hukasirika zaidi. Nyanya mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto damu hana, na nyinyi bado mnakamua." Nilimwonyesha lile tone kwenye stripu, akaliangalia, kisha akauliza, "Ni hilo tu?" Ni hilo tu. Namba ya kwanza inatuambia mtoto amefikaje. Namba ya pili inatuambia anaelekea wapi. Utafiti uliofanywa kwa watoto wenye malaria kali nchini Gambia, ukachapishwa mwaka 1994, uligundua kwamba lakteti iliyobaki juu baada ya saa 4 tangu kulazwa ilionyesha hatari kuliko vipimo vingine walivyotumia. Ikishuka, jiko limeanza kupata hewa. Isiposhuka, tunajua mapema kwamba matibabu yanahitaji kuangaliwa upya, huenda anahitaji kuongezwa damu, huenda kuna ugonjwa mwingine umejificha nyuma ya malaria. Tukimnyima hilo tone la pili tunakaa kubahatisha.

Unaweza kutusaidia namba iwe ya kweli. Jasho lina lakteti nyingi kuliko damu, na kidole kilichotoka kushika maziwa lala nacho kinaweza kudanganya mashine. Kwa hiyo muuguzi akikuomba umnawishe mtoto mkono na kumkausha vizuri, ana sababu. Spiriti nayo iachwe ikauke. Mtoto akipigana na kulia kwa nguvu, au akiwa ametoka kwenye degedege muda huo huo, misuli yake inatoa lakteti na namba inapanda. Mshike kifuani, mwimbie, mnyonyeshe kama anaweza. Na ikiwa alipata degedege njiani, useme. Mara nyingi mama anaona haya kulitaja degedege, kama kwamba ni jambo la majini au la mdomo wa jirani. Sema tu. Kwetu hiyo ni habari ya matibabu.

Kuna swali jingine linalozua ugomvi wodini. Kama namba iko juu na damu haizunguki vizuri, mbona hamumwekei maji ya mshipa yaende haraka? Wazazi wengi wanaamini dripu ni dawa ya kila kitu, na chupa ikikimbia ndiyo matibabu bora. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,100 waliokuwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki sawasawa. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakumiminiwa. Ndani ya saa 48 walikufa karibu 11 katika kila 100 wa kundi la kwanza, na karibu 7 katika kila 100 wa kundi la pili. Matokeo hayo yaliwashtua hata madaktari. Watoto wa kuharisha sana na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo katika utafiti huo, na mtoto aliyekauka maji kwa kuharisha bado anahitaji maji. Lakini ukiona dripu inadondoka polepole kwa mtoto wa malaria, usiifungulie mwenyewe daktari akiondoka. Nasema hivi kwa sababu nimeona mikono ikienda pale.

Labda sasa unajiuliza, na sisi ambao zahanati yetu haina mashine hiyo, watoto wetu wafe? La hasha. Mashine inapima moshi, lakini moshi huo unaonekana hata kwa macho. Asidi ikizidi katika damu, mwili hujaribu kuitoa kwa njia ya pumzi. Mtoto anaanza kupumua kwa kina, kifua chote kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka kupanda mlima, wakati amelala tu. Watafiti wa Kilifi waliandika juu ya pumzi hiyo miaka ya 1990. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1995, waliwafuatilia watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Walikufa 64, na 54 kati yao walikuwa na moja ya mambo mawili, au yote mawili: fahamu zimepungua, au wanapumua kwa shida. Wengi walikufa ndani ya saa 24 tangu kufikishwa hospitalini. Yaani walifika, lakini walichelewa kufika.

Hayo mawili hayahitaji stripu. Mvue mtoto nguo kifuani, mweke penye mwanga, mwangalie akipumua kwa dakika nzima. Usiseme ni kichomi tu ukaenda dukani kununua dawa ya kifua. Mtoto mwenye homa anayepumua kwa kina au kwa kasi, au ambaye kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, ni wa hospitali leo, hata kama ni usiku na hata kama baba hajarudi.

Muuguzi naye ana mikono yake. Utamwona akibonyeza kucha ya mtoto kwa sekunde chache, akiachilia na kuhesabu. Anaangalia damu inachukua muda gani kurudi. Ikizidi sekunde 3 ana wasiwasi. Usidhani anacheza. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa wagonjwa wazima 424 katika nchi 5 za Amerika ya Kusini. Nusu yao madaktari waliongozwa na lakteti, na nusu na kubonyeza kidole. Walioongozwa na kidole hawakufanya vibaya kuliko wale wa lakteti. Mimi nafurahi sana hospitali ikipata kimashine hiki, lakini simwamini muuguzi anayeangalia namba bila kumgusa mtoto.

Sasa nirudi jikoni kidogo, maana lakteti ilianzia huko. Bayosensa za lakteti hutumika pia katika viwanda na maabara za chakula. Chakula chenye vijidudu vingi mara nyingi kina asidi hiyo, hata kabla pua haijaitambua. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umeweka kikomo cha asidi ya laktiki katika mayai yanayopasuliwa kiwandani kwa kutengenezea bidhaa, isizidi gramu 1 kwa kila kilo ya yai kavu. Kwenye mtindi ni kinyume, wao wanataka asidi ifike kiwango fulani ndipo wasimamishe uchachushaji. Huku kwetu, kwenye vituo vya kupokea maziwa, karani bado anatumia spiriti. Anachanganya maziwa kidogo na spiriti, na yakigandamana yanakataliwa kwa kuwa yameanza kuchacha. Kile kijiti cha glasi kinachoelea, laktometa, watu hukichanganya na mambo haya kwa sababu ya jina. Hicho hupima uzito wa maziwa, ili kumkamata aliyeongeza maji ya mto. Hakipimi lakteti.

Nyumbani huhitaji kifaa chochote cha lakteti, na mtu akija kukuuzia, mwambie asante. Unachohitaji kujua ni kwamba ukali wa maziwa hauthibitishi usalama wake. Asidi huzuia vijidudu vingi, ndiyo maana babu zetu waliweza kuhifadhi maziwa bila friji. Lakini maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe, na kuchacha peke yake si kinga ya kutegemea. Chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndipo uyachachushe katika chombo safi. Na mtoto wa chini ya miezi 6 hali hayo wala mengine, ni maziwa ya mama pekee.

Je, maziwa lala yanaweza kuongeza lakteti katika damu ya mtoto hadi augue? Swali hili huulizwa sana, na jibu ni hapana. Ini la mtoto mwenye afya linaitumia kama chakula kingine. Lakteti inayotutisha ni ile ambayo mwili wenyewe umeitengeneza kwa kukosa hewa.

Kuna wachache kati yenu mnaolikumbuka neno lakteti kutoka kliniki ya HIV. Ni kweli. Dawa iitwayo stavudini iliweza kupandisha lakteti kwa hatari kwa baadhi ya wagonjwa, wakakonda, wakatapika, wakaishiwa pumzi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache dawa hiyo. Kwa hiyo usiache dawa zako za leo kwa kuogopa habari ya zamani. Ukiwa na kichefuchefu kisichoisha na pumzi nzito, nenda kliniki ukaeleze.

Ukifika hospitalini na mtoto, usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi homa ilianza siku gani, mtoto alinyonya au kunywa mara ya mwisho saa ngapi, alikojoa lini, alipata degedege mara ngapi, na umempa dawa gani nyumbani, zikiwemo za miti shamba. Na kama wamempima lakteti, una haki ya kuuliza: Sista, namba ya kwanza ilikuwa ngapi, na mtapima tena saa ngapi? Atakuambia. Iandike nyuma ya kitabu cha kliniki cha mtoto, kwa sababu zamu hubadilika usiku, na muuguzi wa asubuhi atafurahi kuikuta hapo.

Kwa leo tunaishia hapo. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari ya pakiti kwa mtoto anayeharisha. Andaa kikombe chako cha kupimia. Kwa heri.